Goti la Mkuu wa Mipango

Mume wangu alirudi kutoka semina Jumapili alasiri akiwa ameshikiliwa na dereva wa ofisi upande mmoja na ukuta upande wa pili. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama papai. Dereva alimfikisha kwenye kochi, akanisalimia, akaondoka mbio kama aliyeiba.

"Nimeteleza bafuni," mume wangu akasema kabla sijauliza.

Yeye ni mkuu wa kitengo cha mipango. Hata akitumwa sokoni huandika malengo kwanza. Semina yenyewe ilikuwa ya siku mbili, ya mambo ya uongozi, katika hoteli moja kando ya ziwa, na alikuwa ameondoka na mashati matatu ya mikono mirefu na tai. Nikafunga barafu kwenye taulo, nikamwekea gotini, nikamtilia mito miwili chini ya mguu.

Kesho yake daktari wa mifupa akalipiga goti picha, akasema kano moja imechanika nusu. Hakuna haja ya kupasua, ila wiki kumi na mbili za mazoezi ya viungo.

"Anzeni leo," akasema. "Chumba namba sita, mwoneni mama mkuu wa kitengo."

Mama mkuu wa kitengo ni mama yangu mzazi.

"Hakuna hospitali nyingine?" mume wangu akauliza.

"Zipo. Zikishindwa huwa zinawaleta kwake."

Katika miaka kumi na mitano ya ndoa yetu, mume wangu hajawahi kukaa mbele ya mama bila kufunga kifungo cha juu cha shati. Mama akija kwetu, yeye huvaa soksi. Sasa akaingia chumba namba sita kwa magongo, kichwa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Panda kitandani, vua suruali."

Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemzaa mama.

"Mama, labda tukiikunja tu..."

"Mkwe wangu, mimi sitibu suruali."

Tukajaribu kuikunja, ikakwama chini ya goti. Mimi ni fundi wa nguo, mkasi hautoki kwenye mkoba wangu. Nikaikata juu ya goti. Ilikuwa suruali ya suti.

Mama akalibonyeza goti huku na huku, akalikunja kidogo, akalinyoosha. "Ulianguka vipi?"

"Niliteleza bafuni, mama."

"Mguu huu ulielekea wapi?"

"Kulia."

"Na mwili?"

"Kushoto."

"Na mguu wa pili?"

Hapo akafikiri sana. "Ulikuwa... palepale."

"Miguu yote miwili imeshikwa, kiuno kimezunguka." Mama akamgeuza viganja. Vilikuwa na malengelenge, yamepangana mstari mmoja. "Na haya?"

"Nilishika bomba."

"Bomba lilikuwa linakwenda wapi?"

Mume wangu akasema maji yalikuwa mengi. Mama hakucheka. Aliandika "bafu" kwenye faili, akaweka alama ya kuuliza, akamfundisha zoezi la kwanza: kukaza paja, kuhesabu mpaka kumi, kulegeza. Mara kumi asubuhi, mchana na jioni.

Nyumbani mume wangu akabandika kwenye friji karatasi ya rangi tatu: Mpango Mkakati wa Goti. Ulikuwa na dira, dhima na viashiria. Wiki nzima aliurekebisha mpango, paja hakulikaza hata mara moja. Tuliporudi, mama alipima goti, likawa gumu kuliko mwanzo. Nikamweleza habari za karatasi.

"Goti halijui kusoma," mama akasema.

Wiki ya pili tulikuta watu kwenye benchi nje ya chumba namba sita. Mkurugenzi wa ofisi ya mume wangu alikuwa amening'iniza mkono shingoni. Mkuu wa masoko alikuwa na kola ngumu ya shingo, asiweze kugeuka. Mhasibu, mwanamama mnene mcheshi, alikaa wima kama amemeza rula, kwa sababu ya mbavu. Walitazamana na mume wangu kama watu wasiojuana. Kila mmoja akaanza kusoma tangazo la kunawa mikono.

Mama akatoka na mafaili.

"Nina wagonjwa wanne hapa," akasema. "Wote Jumamosi moja, wote bafuni. Hilo bafu lenu mliingia kwa foleni?"

Mhasibu akaanza kucheka, mbavu zikamkamata, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Basi ni yeye aliyetoboa siri, katikati ya "uwii" moja na nyingine. Asubuhi mwezeshaji wa semina aliwafundisha kwamba kiongozi ni mtu anayeweza kusimama juu ya maji yanayokwenda. Mchana akawapeleka ziwani kuhakikisha. Wakafungwa miguu yote miwili kwenye ubao, wakapewa kamba iliyofungwa nyuma ya boti. Mwendesha boti aliwapa agizo moja tu: ukianguka, achia kamba. Mwezeshaji akamkatiza: "Kiongozi haachii kamba!"

Mkurugenzi akatangulia. Akaanguka, hakuachia, akaburuzwa. Na Mkurugenzi asipoachia, nani wa chini yake ataachia? Jioni akawakusanya na kuwaambia kwamba kwenye makaratasi semina ilikuwa ya ukumbini, kwa hiyo wote waliteleza bafuni.

"Na huyo mwezeshaji alikuwa wapi?" mama akauliza.

"Kwenye boti," mhasibu akajibu.

"Ameshika nini?"

"Kipaza sauti."

Mkurugenzi akakohoa. "Mama, tunaomba jambo hili liishie hapahapa."

"Litaishia kwenye faili. Haya, lete bega."

Njiani mume wangu ndiye aliyeanza kusema.

"Nilipanga kukwambia, mama watoto."

"Tarehe ngapi?"

Huo ndio mpango wake wa kwanza niliousikia usio na tarehe.

Kesho yake mama alikuja kwetu kabla ya zamu yake, akabandua karatasi kwenye friji, akaketi kwenye kigoda na kuanza kuhesabu. Alifanya hivyo kila asubuhi. Siku za mwanzo mume wangu alikaza paja akiwa na soksi na shati lililofungwa mpaka shingoni, jasho likimtiririka. Wiki ya tatu akabaki na fulana. Wiki ya nne akamwambia mama, "Unaniumiza, bwana!" Nikaganda na kikombe mkononi. Mama akasema vizuri, sasa anasema kweli, sasa tunaweza kutibu.

Wiki ya sita akaacha magongo. Ya tisa akashuka ngazi bila kushika ukuta. Ya kumi na mbili mama alimsimamisha kwa mguu wa kulia peke yake, macho amefumba, sekunde thelathini. Alifika ishirini na sita akamwangukia mama begani, wakacheka wote wawili. Mama akafunga faili.

Tulirudi kwa miguu, polepole. Kwenye kona akapumzika, akaegemea nguzo ya taa.

"Kuna kitu sijamwambia mtu," akasema. "Kabla sijaanguka nilisimama."

"Wapi?"

"Juu ya maji. Sekunde nne, labda tano. Nilisimama kabisa, mama watoto."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Wenzangu walikuwa wameinama wanafungwa viatu vya ubao, mwendesha boti alitazama mbele, na mwezeshaji alikuwa amenipa mgongo, anahutubia."

Nilimtazama. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, kitambi chake, uso umemng'aa.

"Ulisimamaje?" nikamwuliza.

Akajitoa kwenye nguzo, akapanua miguu palepale njiani, akakunja magoti yote mawili, akanyoosha mikono mbele, na watu wakawa wanatupita huku na huku.