Kusogeza Tu

Hospitalini kwetu kuna neno moja linalovunja watu migongo: kusogeza. Ukiambiwa ubebe, utaratibu unadai watu wanne. Ukiambiwa usogeze, ni wewe na mgongo wako. Ndiyo maana msimamizi wetu habebeshi mtu kitu. Yeye anasogezesha tu, kutwa nzima, akiwa kitini.

Asubuhi hiyo ilikuwa mashine ya eksirei, gurudumu moja limevunjika. Tulikuwa wawili, mimi na mume wa mdogo wangu, ambaye kwa nguvu zake kazini wote tunamwita Winchi. Tukaomba tuongezwe watu.

"Sogezeni tu hapo, nyie vipi!" msimamizi akafoka kutoka ofisini kwake.

Tukainyanyua. Tulipofika mlangoni pake nikamsikia Winchi, "Shemeji, mgongo," kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akaenda chini, miguu haimtii tena. Tukamkimbiza wodini kwa machela. Mashine ikabaki pale pale, imeziba mlango wa bosi.

Saa nne msimamizi akaniita ofisini nitie sahihi ya shahidi kwenye fomu ya ajali. Nikapenya kiubavu. Fomu ilisema: Ameumia akisogeza mashine, kwa uzembe wake.

"Mzee, ukiandika hivi anafukuzwa kazi, na matibabu hapati. Andika kubeba."

"Mama, kitu chenye magurudumu hakibebwi."

Lo! Damu ikanichemka. Baba wa watu amelala hajisikii vidole vya miguu, huyu ananifundisha lugha!

"Haya, sahihi utapata," nikasema. "Ila kwanza isogeze hiyo mashine tupite."

Akacheka. Lakini mkurugenzi alikuwa anamsubiri kikaoni, ikabidi atoke. Akajaribu kupenya, tumbo likagoma. Akasukuma. Akasukuma tena, jasho linamtiririka, mashine hata haikutikisika. Uzalendo ukamshinda, akapaza sauti korido nzima ikasikia:

"Jamani, njooni watu wanne mbebe hili dude!"

"Wafanye nini?" nikauliza.

Nikamsogezea fomu na kalamu.

"Liandike hivyo hivyo ulivyolitamka. Na hao wanne usiwasahau."

Wanne wenyewe walishafika. Walisimama nje ya mlango, mikono mifukoni, na hakuna aliyeigusa mashine mpaka alipomaliza kuandika.