Mkono Uliopewa Kibali

Siku Chadia aliporudi Kasongo, mama yake, Hawa, alikuwa anageuza mpunga juu ya turubai mbele ya nyumba, maana jua lilikuwa kali na mawingu ya upande wa Lualaba hayakuwa ya kuaminika. Moto, pikipiki ya abiria, ikasimama. Chadia akashuka, akafungua sanduku lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, akamsogelea mama yake na kumpa mkono wa kushoto. Hawa aliupokea, kisha akatazama upande wa pili, ambako mkono wa nguo ulikuwa unaning'inia bila kitu ndani.

“Wa kuume iko wapi?”

“Umebakia kule, mama. Wana kazi nao.”

“Bila weye?”

“Bila miye.”

Hawa akamaliza kugeuza mpunga wa pembeni, halafu akamuuliza kama amekula.

Habari yenyewe ni fupi, na ndani yake hamna mtu aliyevunja sheria. Chadia alikwenda Ulaya kusomea ukunga wa juu, akamaliza, akapata diplome. Nchi ile humpa mgeni aliyehitimu mwaka mmoja wa kufanya kazi, kisha humuuliza kwa adabu anaondoka lini. Alipoomba kwenda kusoma, walimtaka aape kwamba atarudi kwao. Alipoomba kubaki, walimkumbusha kiapo chake.

Mwaka ule mmoja aliufanyia kazi katika lopitali moja, hospitali ya kule, chumba cha wazazi, na kule wakaujua mkono wake wa kuume. Mtoto aliyelala vibaya tumboni alikuwa anausikiliza. Aligeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa na mtu wa kwao. Mkono huo haukufundishwa Ulaya. Ulifundishwa na bibi yake, aliyezalisha nusu ya watu wa Kasongo, na Chadia alikuwa bado hajafika hata darasa la sita. Lakini lopitali iliandika barua kusema kwamba haiwezi kufanya kazi bila mkono huo, na ofisi ya wageni ikajibu kwa barua mbili siku moja. Ya kwanza ilimnyima Chadia viza ya kazi. Ya pili iliupa mkono wake kibali cha miaka mitatu, chenye kuongezwa.

Kwenye uwanja wa ndege afisa alikuwa mtu mpole. Alimsomea kifungu cha sheria mara mbili, akamwomba auache mkono dirishani. Ulitoka kama pete inavyotoka kwenye kidole chenye sabuni. Chadia akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, kwamba umepokelewa ukiwa mzima.

Kasongo habari haina miguu lakini inatangulia moto. Kabla Chadia hajamaliza kunawa uso, baba mudogo wake, Atumani, aliingia uani na nusu mita ya kitambaa cheupe. Nyuma ya nyumba alikuwa ameshachimba kaburi la shubiri mbili, kwa kuwa kiungo cha Muislamu hakitupwi, kinafunikwa na kuzikwa.

“Pole, mwanangu,” alisema. “Tuletee, tuustiri.”

“Baba mudogo, haujakufa.”

“Unajuaje?”

Chadia akafumba macho. “Sasa hivi unanawa. Maji ni ya moto kidogo. Sasa wanauvalisha gan, ile glavu ya mpira.”

Atumani akafikiri, akakunja kitambaa chake. Kama haujakufa, basi ni msafiri, na msafiri hazikwi, anaombewa. Tangu Ijumaa ile, dua ya wagonjwa na wasafiri ilipofika mwisho, imamu aliongeza mkono wa Chadia binti Hamadi. Lile kaburi Hawa alipanda mgomba ndani yake.

Shida ilikuwa sinia. Nyumba ile inakula pamoja, wali katikati, na mkono wa kushoto haujapata kuingia humo tangu enzi za mababu. Siku ya kwanza walimwekea Chadia sahani yake na kijiko, pembeni. Siku ya pili alikisukuma kijiko, akasogea kwenye sinia, akatia mkono wa kushoto katikati ya wali mbele ya watu wote.

“Aliyechukua wa kuume yuko kule anakula,” alisema. “Aibu ni yake. Miye siendi kukaa pembeni kwetu.”

Watu walimtazama Atumani, maana yeye ndiye aliyesoma dini.

“Mwenye udhuru hana lawama,” alisema Atumani, akamsogezea samaki.

Chadia alikuwa na hasira, na hakuificha. Hakulilia Ulaya. Baridi ya kule hakuipenda, na chakula chao alikisamehe tu. Kilichomuuma ni kwamba kila asubuhi, akiwa amekaa barazani na kikombe cha chai, alisikia kiganja chake kikipokea kichwa cha mtoto asiyemjua, na hakukuwa na mtu wa kumwambia asante. Siku nyingine mkono ulifanya zamu mbili, na yeye Kasongo akalala na bega linalowaka moto. Hata wiki haikuisha. Akasema atatafuta kazi, kwa mkono uliobaki.

Kazi ilipatikana Lusangi, njia ya Kabambare, kwenye kituo cha afya chenye vitanda vinne. Muuguzi mkuu alikuwa Ernestine, mwanamke wa makamo, mwalimu wa kwaya, asiyependa maneno mengi.

“Mukono mumoja hauleyi mwana,” alisema, akimtazama juu mpaka chini.

“Kulea sijui, mama Ernestine. Kuzalisha, tutaona.”

Ernestine akacheka kidogo, akafungua kitabu cha wafanyakazi na kuandika: Chadia, mkunga. Mkono wa kuume: kazini Ulaya.

Mwezi wake wa tatu pale, saa sita ya mchana, mkulima mmoja aitwaye Raphaël alimleta mke wake, Laetitia, juu ya baiskeli. Alikuwa na uchungu tangu jana. Chadia akapapasa tumbo, akajua: mtoto amelala kingamo, bega limetangulia. Mtu wa namna hiyo hupelekwa kupasuliwa, lakini mvua ilikuwa imechukua daraja la miti, na ng'ambo ya mto moto zilikuwa zimesimama zikitazamana na moto za huku. Ernestine alitazama mlango, akatazama mkono wa kushoto wa Chadia. Mkono huo ulikuwa haujawahi kumgeuza mtoto hata siku moja.

“Utaweza?”

“Ngoja,” alisema Chadia.

Akafumba macho, akautafuta mkono wake. Aliukuta chumba cha wazazi kule Ulaya, juu ya tumbo la mwanamke mwingine, na mtoto wa yule naye alikuwa kingamo. Watoto wengi hulala hivyo, haikuwa ajabu. Mkono wa kuume ulikuwa unafanya kazi ya bibi yake: kusubiri tumbo lilegee, kusukuma matako kwenda juu, kuita kichwa kije chini, bila haraka. Chadia akauweka wa kushoto juu ya tumbo la Laetitia, akaufuatisha. Wa kuume ulipobonyeza, wa kushoto ukabonyeza. Ulipotulia, ukatulia. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na Ernestine akalifuta kwa kanga.

Watoto wawili waligeuka pamoja, mmoja Lusangi na mwingine kule. Wa Lusangi alikuwa msichana, akalia mara moja.

Chadia hakukaa chini. Alingoja mkono wake wa kuume ukate kitovu cha yule wa Ulaya, umkabidhi mama yake, unawe, ufutwe. Kule wakunga wengine walikuwepo, wazima, na kila mmoja na mikono yake miwili. Hapo ndipo, toka Lusangi, alipoufunga ngumi. Aliukunja kidole baada ya kidole, gumba likaja juu, akaubana.

Barua ilifika baada ya wiki tano, imepitia Kindu. Lopitali ilimsalimu, ikamjulisha kwamba mkono umefunga ngumi na haufunguki, ikamwomba ashirikiane nao, kwa kuwa kibali chake bado kina miaka miwili na zaidi. Chadia alijibu kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala huku na kule: Mtuchukue wote wawili, miye na mkono, ao muurudishe. Wakajibu kwamba mwenye mkono hatimizi masharti, na mkono hauwezi kuondoka kabla ya mkataba kuisha.

Basi ikawa hivyo. Kila siku ya kazi wanauweka mezani kule, juu ya taulo safi, na haufunguki. Hawa alipokuja Lusangi na mchele, alimuuliza kama hauchoki.

“Unachoka sana, mama,” alisema Chadia. “Nausikia mpaka shingoni.”

Juzi, mwanamke wa nne wa siku ile alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, na Chadia yuko mbele yake, wa kushoto tayari. Kule wakaanza kujaribu kuvifungua vile vidole kwa upole, wakianzia kidole cha mwisho. Walikuwa watu watatu. Chadia akauma meno, akabana.

“Sukuma, mama,” akasema. “Sukuma.”