Kiwiko cha Ngazi

Nani alinituma nikubali kukagua jengo ambalo fundi wake wa nondo ni baba yangu mzazi? Mhandisi ni mimi. Nisipotia sahihi, zege halimwagwi. Na zege lilikuwa la kesho asubuhi.

Kosa nililiona mapema, tangu Jumamosi nilipopita kutazama, pale kwenye landingi, ngazi inapolala kidogo kabla ya kugeuka. Nondo za chini baba alikuwa amezikunja zifuate kona. Kazi safi, kila waya umekazwa, na imekosewa.

"Injinia," akaniita kwa utani, "tia sahihi tukale."

Huyu ndiye aliyenifundisha kushika koleo, na mafundi wenzake wanne walikuwa wanatutazama.

"Baba, hebu kunja mkono."

Akakunja. Nikalaza waya upande wa ndani wa mkono wake, kutoka begani hadi kiganjani, ukifuata kiwiko. Nikauvuta ncha zote mbili. Ukabanduka kwenye kiwiko, ukanyooka.

"Watu wakipanda, nondo zitavutwa hivyohivyo," nikasema. "Zitapasua zege kwa chini. Za ngazi ziende moja kwa moja mpaka upande wa juu wa landingi, za landingi ziingie kwenye ngazi. Zipishane."

Aliutazama mkono wake, kisha akawageukia wenzake.

"Jamani, tufungue," akasema. "Injinia amekataa."

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," mmoja wao akamtania.

"Ndiyo. Nilimlea asiwe mwoga."

Nikachukua koleo, nikachuchumaa kando yake. Tulifungua nyaya kama kumi hivi. Nilijua anawaza nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimekosa usingizi kwa jambo hilohilo.

"Na ngazi ya nyumbani?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Niliikunja vilevile."

"Niliipima Jumapili, ukiwa umelala. Haina ufa hata mmoja. Landingi yake ni nene mara mbili ya inavyotakiwa, baba. Ulikuwa unapandisha lori?"

Hakucheka.

"Mama yako alikuwa na mimba yako," akasema. "Nilijua kuna mtu atacheza pale."

Nilicheza pale. Hesabu zangu zote za shule nilizifanyia pale, miguu ikining'inia. Nikamwambia hivyo, naye akanisogezea waya uliofuata.