Yapake Rangi Yale Maandishi

Dalali wetu nilimpa jina siku ya kwanza tu. Mandhari. Maana kila nilichomwonyesha alikiita mandhari. Dirisha la jikoni linalotazama mapaa ya watu na kamba zao za nguo, mandhari. Kibaraza, mandhari. Ngazi ishirini na saba za kupanda kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu, zilizonimaliza magoti, eti nazo mandhari.

"Mama, tusiseme ngazi," aliniambia, kijana wa watu kavaa viatu vimechongoka mbele utadhani vya kuchokolea panya. "Tuseme nyumba ipo juu, ina mandhari ya mji mzima."

"Mwanangu, zipande na ndoo ya maji kichwani, halafu uje uniambie umeona mandhari gani."

Mzee wangu akacheka kwenye kiti chake mpaka akakohoa. Nikafurahi, kwa sababu siku hizo kicheko chake kilikuwa adimu.

Niseme yote mapema ili tuelewane. Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alikuwa mtu wa posta, wa kupeleka barua kwa miguu, miaka thelathini na moja. Hakuna mtaa mji huu asioujua, na hakuna mbwa aliyekuwa hamjui. Kisha kiharusi kikampiga. Mdomo ukarudi, mkono ukarudi nusu, mguu wa kulia ukabaki wa kuburuta. Sakafuni anatembea vizuri tu na mkongojo wake. Ngazi hawezi. Miezi kumi na minne alitoka nje ya mlango ule mara nne, zote za hospitali, zote amebebwa kitini na majirani wawili, naye kafumba macho njia nzima. Nilidhani anaogopa kuanguka. Baadaye akaniambia alikuwa anaona haya.

Basi tukapata nyumba ya chini, upande wa pili wa mji, mtaa mmoja na shemeji yangu. Ardhi tambarare, mlango unafungukia barabarani, hakuna hata kizingiti. Mwenye nyumba hiyo akakubali kutungoja mpaka mwisho wa mwezi na si siku moja zaidi, kwani alikuwa na mnunuzi mwingine anayembishia hodi kila asubuhi. Na sisi hatuwezi kununua ile kabla ya kuuza hii. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Tukiuza, mzee anatoka nje. Tusipouza, ni kiti na dirisha mpaka Mungu apende.

Na msidhani nyumba yangu nilikuwa naichukia. Nilizaa watoto watatu mle. Lakini nyumba ni ukuta, mume ni mtu.

Mandhari akaanza kutuandaa. Wiki nzima alikuwa anapanda na kushuka, simu sikioni. Bomba la jikoni likatengenezwa, ambalo nilikuwa nalililia miaka miwili. Mapazia yakafuliwa. Mafurushi yangu ya mabaki ya vitambaa yakahamia kwa jirani. Picha za ukutani zikashushwa zote, hata ya harusi.

"Mteja anatakiwa ajione yeye humu ndani, mama," akasema. "Sasa akiingia anakuona wewe na shela, atajionaje?"

"Ala! Kwani mimi nimemzuia na yeye kuolewa?"

Hata cherehani yangu aliitaka mvunguni. Hapo nikamtolea macho, akaiacha.

Lakini tatizo kubwa, kwa maneno yake, lilikuwa mdomo wangu. Wateja wa kwanza walikuwa mtu na mkewe. Yule mke akatazama dari la sebuleni, nami nikamwambia kwa nia njema kabisa, "Hapo panavuja mvua kubwa zikija, tunaweka beseni." Mandhari akakohoa kama amekabwa na mwiba. Wakashuka ngazi na hatukuwaona tena.

"Mama, umemwaga mchele!" akalia.

"Mimi mteja akinipa kitambaa chenye dosari, namwonyesha kabla sijashika mkasi. Mficha uchi hazai."

"Hii si nguo, mama. Jumamosi anakuja mteja mwingine, na baada yake sina mtu. Nakuomba maneno mawili tu. Karibu, na asante. Akiuliza kwa nini mnauza, sema mnabadilisha mazingira."

Nikatazama mzee alivyokaa pale dirishani. Nikakubali. Zilikuwa zimebaki siku saba mwezi uishe.

Likabaki jambo la ukuta wa chini, ule unaotazama barabara. Miaka sita nyuma tulikwenda kumtembelea binti yetu kwa majuma mawili. Tuliporudi tukawakuta wanaume wawili wanagombana mlangoni, kila mmoja na karatasi zake, kila mmoja kauziwa nyumba yetu na tapeli mmoja. Mzee akawatuliza, akawapeleka polisi, kisha akapitia dukani akarudi na kopo la rangi nyekundu. Akaandika ukutani kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Jua na mvua vilikuwa vimeyafifisha maandishi, lakini ukisogea yalikuwa yanasomeka.

"Hayo tuyaondoe kabla ya Jumamosi," Mandhari akasema, na palepale akampigia fundi rangi. "Fundi, Ijumaa uwe hapa. Ule ukuta wa chini, yale maandishi, yapake rangi. Eeh. Yapake rangi vizuri, nina mteja. Nataka mtu akipita aone kazi."

Nilisikia kwa masikio yangu mawili, na sikuona kosa lolote.

Ijumaa fundi akaja. Ukuta ule ukiwa juu kwetu huuoni, mpaka ushuke barabarani, na mimi siku hiyo nilikuwa kwenye mapazia, mikono imejaa povu. Jioni nikamsikia anaita kutoka chini:

"Mama! Nimemaliza! Sasa inasomeka hata kutoka kule kwenye kona!"

"Asante baba! Mungu akubariki!" nikamjibu, nikaendelea kukamua pazia. Inasomeka. Neno hilo lilinipita hivihivi.

Jumamosi nikaamka alfajiri, nikafagia, nikapiga deki, nikafungua madirisha yote. Mzee akajinyoa mwenyewe kwa mkono wa kushoto, hakutaka nimsaidie, akavaa shati nililompigia pasi. Mteja alikuwa aje na Mandhari saa nne. Saa nne kasorobo nikasikia hodi.

Alikuwa mwanamke peke yake, anahema, mkoba kaukumbatia kifuani, uso wa mtu anayeleta habari mbaya.

"Karibu," nikasema. Nikawa nimebakiwa na neno moja.

"Samahani mama, hamnijui. Mimi ni mwalimu. Nimekuja kuwaonya. Kuna dalali mmoja, kijana wa viatu vimechongoka, anataka kuniuzia nyumba yenu hii. Amenipa ahadi saa nne, nikasema niwahi nitazame mtaa. Nafika hapo chini, nyinyi wenyewe mmeandika haiuzwi!"

"Tumeandika nini?"

"Haiuzwi, mama. Nyekundu mbichi, kila herufi na kivuli chake cheusi. Halafu mwandiko wenyewe, lo! Huyo fundi ningempata aje aniandikie ubaoni."

Nikakaa. Mzee ndiye aliyeelewa kwanza.

"Mama watoto," akasema taratibu, "fundi aliambiwa ayapake rangi maandishi. Ameyapaka."

Jamani! Nilicheka, nikashika mbavu, machozi yakanitoka, na humohumo kwenye kicheko hofu ikaniingia, kwa sababu mwalimu hakuwa anacheka hata kidogo.

"Kwa hiyo inauzwa?"

"Inauzwa, mwalimu."

"Na mmeandika haiuzwi."

"Hatukuandika. Yaani, tuliandika, ila zamani, sasa dalali akamwambia fundi..."

"Mama, mimi nimeshatapeliwa mara moja," akanikata, akainuka. "Yule naye alikuwa na hadithi tamu, na alikuwa na mzee kama huyu amekaa kwenye kiti. Kwaherini."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Nikauona mwisho wa mwezi huo unakuja.

"Mwalimu," mzee akaita. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umepanda ngazi zote hizi kwa ajili ya watu usiowajua. Kaa, uliza unachotaka. Ukiona tunakudanganya, nenda ulete polisi. Mimi sikimbii popote."

Mwalimu akasimama kidogo. Kisha akarudi, akakaa ukingoni mwa kochi kama msimamizi wa mtihani.

"Kwa nini mnauza?"

"Tunabadilisha mazi..." nikaanza, na ulimi ukagoma. Haki ya Mungu, uligoma. Nikamwangalia mzee.

"Nimeshindwa na ngazi," akasema. "Nilikuwa mtu wa posta, mwalimu. Sasa nina miezi kumi na minne humu ndani. Nataka nitoke nje kwa miguu yangu kabla sijatolewa kwa miguu ya watu."

Hakuwahi kunitamkia maneno hayo. Nilikuwa najua, lakini kujua na kusikia ni mambo mawili.

Basi mimi tena ningenyamaza vipi? Nilifunguka. Nikamwonyesha mwalimu pale panapovuja. Nikamwambia chumba cha nyuma ukilala mchana unaiva, ngazi ya tatu kutoka juu inacheza, mlango wa choo uubebe kidogo ndipo ufunge, na jogoo wa jirani hajui saa, anawika anapojisikia. Nikamwambia na mazuri pia, kwamba upepo wa jioni kibarazani unaondoa uchovu wote, na kwamba huyo jirani mwenye jogoo ndiye aliyembeba mume wangu kila safari na hajawahi kuniuliza hata nauli. Mwalimu akatoa daftari na kalamu nyekundu, akawa anaandika.

Tukiwa katikati ya hayo Mandhari akaingia mbio. Alikuwa ameuona ukuta. Alizipanda ngazi zote ishirini na saba kwa pumzi moja, na sasa alikuwa ameinama, mikono magotini, anatweta.

"Vipi, baba," nikamuuliza, "mandhari umeyaona?"

Akanitazama, akalitazama lile daftari. "Mama... umemwambia nini?"

"Yote."

Akakaa sakafuni, akashika kichwa.

Mwalimu akafunga daftari. "Nimetembezwa nyumba kumi na moja," akasema, "na zote eti hazina kasoro. Hii ina kasoro tano, nimezihesabu. Ndiyo ya kwanza ninayojua nanunua nini."

"Na ngazi?" nikauliza. Siwezi kujizuia, nimeumbwa hivyo.

"Nina watoto wanne, mama, wote wanapanda juu ya kabati. Ngazi ni zawadi."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui yetu ilikuwa ipi, ila Jumatatu mwalimu alileta kaka yake mwashi, akagonga kuta zote. Karatasi walizikuta zimenyooka, maana tangu ule mkasa wa tapeli mzee alikuwa anazitunza kuliko macho yake. Jumatano tukatia saini kwa wakili, ya kuuza hii na ya kununua ile, siku moja kabla ya mwezi kuisha. Mandhari siku hiyo alivaa tai. Aliniambia ananiajiri, niwe natembea naye kuwatajia wateja kasoro. Nikamwambia anunue viatu vya maana kwanza, tutaongea.

Siku ya kuhama majirani wakambeba mzee kwa mara ya mwisho, na safari hii hakufumba macho. Alikuwa anawaelekeza, "Ya tatu hiyo, angalieni, inacheza." Mimi nililia kwenye kibaraza, nikalia na jikoni, nikamaliza, nikashuka.

Nyumba mpya ni ndogo. Chumba cha kulala ukifungua kabati huwezi kufungua mlango. Siku mbili za kwanza tulikuwa tunafungua mizigo tu, na mzee anafanya mazoezi, kutoka kitini hadi mlangoni, mlangoni hadi kitini, mimi nyuma yake mikono tayari, yeye ananiambia niache kumfuata kama kuku.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa uani naanika nguo. Nikarudi sebuleni, kiti kitupu. Chumbani hayupo, chooni hayupo. Mlango wa mbele uko wazi.

Nilitoka mbio, kanga inaburuta, pegi za nguo mkononi. Roho juu. Nikamwona mbali, ameshazipita nyumba sita, anaburuta mguu wake ule, mkongojo unagonga lami, shingo kainyoosha anasoma namba za milango. Nikamfikia nikiwa nimefura kwa hasira.

"Wewe mzee! Ndiyo nini hivi? Unatoka hata kuaga huagi?"

Akageuka, anatoka jasho, ananitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mama watoto," akasema, "mimi naenda hapo tu. Mtu akienda hapo tu anaaga?"

Nikalia palepale barabarani mbele za watu, na pegi zangu mkononi, na wala sikuona haya. Yeye akaguna, akasema ningemaliza kuanika nguo kwanza, akageuza mkongojo akaendelea.

Nikamwacha aende.