Gurudumu la Kushoto

Méthode alikwangua rangi kidogo kwenye gurudumu la kushoto la ndege, akakamulia tone la limau. Likatoa povu papo hapo. Magnesi hiyo, madini mepesi yanayoliwa upesi na kutu! Ingekuwa alumini, tone lingetulia tu. Akachukua msumari, akagusa unga mweupe uliovimba ukingoni. Msumari ukazama kama kwenye kiazi kilichooza.

"Mzee," aliita, "hili limeliwa mpaka ndani. Ndege ikitua kwa kishindo, linapasuka."

Gaudensi, fundi mkuu wa kampuni yenye ndege, hakuinama hata kuchungulia. Achungulie nini? Mtihani wa limau yeye ndiye aliyeufundisha. Gurudumu jipya lilifika Mpanda kwa treni, na wapakia mizigo wote stesheni walijua mzee ameliuza Tabora, pamoja na dawa ya kutibu kutu. Mtu mzima hana haya!

"Piga brashi ya waya, upake rangi."

"Ya waya, mzee? Si ulisema waya unaacha chembe za chuma, kutu inazidi kula?"

"Nilisema. Leo nasema hivi. Mkuu wa Wilaya anasafiri kesho." Akawasha sigara. "Mkeo bado amelazwa?"

"Bado, mzee."

"Na kibali chako cha kutoka makazi ya Katumba kinaisha Ijumaa. Anayekuombea kingine ni nani? Nyie wakimbizi, mkipewa mkono mnataka na bega."

Tangu wakimbie Burundi, Méthode hakuwa na ndugu wa kumtuma. Mkewe, Athanasie, alikuwa ameletwa kutoka Katumba juu ya baiskeli, mimba kubwa, damu inamtoka. Bila kibali, Méthode angerudishwa makazini na mkewe angebaki wodini bila mtu wa kumpelekea hata uji.

Basi akasugua. Afanyeje? Akapaka rangi ya fedha mpaka gurudumu likang'aa, na akaichukia mikono yake mwenyewe. Usiku ule mvua ikanyesha.

Asubuhi Mkuu hakutokea. Ameondoka kwa Landrova, walisema, na hakuna aliyeuliza kwa nini mtu aache ndege akapigwe na matope ya barabara ya Inyonga. Badala yake ikaja gari ya hospitali. Wakashusha machela. Juu yake, chini ya blanketi, alikuwa Athanasie.

"Daktari kaomba ndege," nesi alimwambia Méthode. "Asipopasuliwa leo tunawakosa wote wawili, na wa kumpasua yuko Tabora. Treni haimfikishi mzima."

Mana yanje, Mungu wangu! Akamfuata Gaudensi nyuma ya mapipa ya mafuta.

"Mzee, gurudumu! Nakuomba."

"Gurudumu lina nini?" Gaudensi hakumtazama usoni. "Aliyelipaka ni wewe. Nenda kamwambie rubani umepaka uozo. Polisi watakuuliza nani alikutuma uangushe ndege, nami nitasema sijui. Na mkeo atabaki hapa hapa. Ndicho unachotaka?"

Rubani alikuwa akifuta kioo, akiimba kwa sauti ya chini. Méthode akamwendea. Akafungua kinywa. Nyuma yake machela ilikuwa ikiinuliwa mlangoni, na Athanasie akaguna kwa uchungu. Méthode akafunga kinywa.

"Sista," Athanasie alimwambia nesi kwa sauti iliyokatika, "hilo gurudumu kalitengeneza mume wangu. Lione linavyong'aa."

"Mungu ambariki," nesi akasema, akafunga mlango.

Injini ikaunguruma. Méthode akachuchumaa kuondoa kabari ya mti iliyozuia gurudumu. Hapo ndipo alipoona rangi imeumuka ukingoni, lengelenge dogo. Akaligusa kwa kidole gumba. Likapasuka, na unga mweupe, wenye majimaji, ukamganda kidoleni.

"Wee Méthode!" Gaudensi alipaza sauti, akipunga mkono. "Kabari! Unachelewesha mgonjwa!"

Akaivuta kabari.