Neno la Mwisho la Mama Léopold

Mama yetu alikufa siku ileile wajumbe wa serikali walipokuja Lushenye kutazama kama tunastahili kuwa mji. Mimi niliambiwa jioni, wajumbe walipokwisha kuondoka. Kaka yangu Léopold alijua tangu alfajiri. Naandika kwa sababu watu wa hapa wameanza kuyasimulia mambo haya kwa namna yao, na masimulizi yao ni mazuri kuliko ilivyokuwa.

Lushenye iko kwenye uwanda wa Ruzizi, kando ya barabara ya Uvira kwenda Kamanyola. Nilipokuwa mtoto ilikuwa kijiji cha mihogo na mpunga. Kisha maji ya ziwa la kule Uvira yakapanda, yakaingia ndani ya nyumba za Kavimvira, na watu wakaja huku na magodoro vichwani. Wengine walishuka kutoka Bijombo wakikimbia vita. Wote wakabaki. Soko likajaa mpaka likamwagika barabarani. Lakini kwa serikali tulikuwa bado kijiji. Mtoto akizaliwa, baba apande pikipiki mpaka Uvira kumwandikisha. Ushuru wa soko ulikwenda mbali, nasi hatukuwa hata na choo cha kuingia mwanamke anayeuza toka asubuhi.

Léopold ndiye aliyeanzisha kazi ya kuomba Lushenye iwe komini, yaani mji wenye ofisi yake na kiongozi wake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipita nyumba kwa nyumba kutafuta sahihi, akaenda Uvira, akaenda Bukavu, akarudi, akaenda tena. Mke wake alirudi kwao Nyakabere akisema hawezi kuwa bibi wa pili nyuma ya komini. Ndiyo maana kaka alihamia kwa mama, na mama akawa anampikia kama zamani.

Mama mwenyewe hakuijali sana hiyo kazi. Kila mtu alimwita Mama Léopold, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na alipenda kuitwa hivyo. Lakini kaka alipoanza maneno yake mezani, mama alimwuliza, "Na hiyo komini yako, italima?" Kisha akamwongezea ugali.

Kwetu mtu akifa, binti wa nyumba ndiye anayetoa sauti ya kwanza. Sauti ile ikisikika, majembe yanawekwa chini, soko linavunjika, na kila mtu anakuja kukaa chini pamoja na wafiwa mpaka mazishi. Hakuna anayeuza, hakuna anayenunua. Nani angeweza kupima nyanya wakati jirani yake amelala chini? Wajumbe walikuwa wamekwisha kuahirisha safari mara nyingi, mara mvua, mara risasi barabarani. Kama wangefika na kukuta meza tupu, wangeandika kwamba Lushenye haina watu. Hilo ndilo kaka aliloliwaza alfajiri ile, amesimama karibu na kitanda cha mama.

Mimi nimeolewa ng'ambo ya barabara. Asubuhi nilipita kama kawaida kabla ya soko, na uji wa mama ndani ya termosi. Alikuwa na homa na kikohozi, lakini alikuwa na homa kila masika. Nilimkuta Léopold mlangoni, amekwisha kuvaa kostimi, suti yake ya siku kubwa.

"Yaya," nilimwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "mama iko namna gani?"

"Iko analala. Acha alale. Usiku alikohoa sana."

"Niingie nimuwekee uji?"

"Lete, nitamupa miye mwenyewe. Weye uende, bamama banakungojea. Leo musikosee ule wimbo."

Aliipokea termosi kwa mikono miwili, akabaki ameiziba njia ya mlango. Nikamwambia tai yake imekaa upande. Akasema asante, lakini hakuigusa.

Sokoni watu walikuwa wamevaa kama siku ya Pasaka. Léocadie, kiongozi wa wanawake wa soko na rafiki wa mama tangu ujana wao, alikuwa akizunguka na kunyoosha kila kitu, mpaka akafika kwenye nyanya zangu.

"Claire, panga hizo nyanya vizuri. Serikali inakuja, hata nyanya zisimame wima!"

"Mama Léocadie, nyanya haina miguu."

"Basi zikopeshe yako, weye unakaa tu."

Ndayiragije, fundi wa baiskeli, alikuwa ameweka kiti chake katikati ya njia ili asikose kuonekana. Mtu mmoja akamwuliza atajibu nini wajumbe wakitaka kujua tuko watu wangapi. "Nitasema tuko wengi mpaka mke wangu ananipoteza katikati ya watu," alisema. "Ananipata tu wakati wa kula."

Léocadie akaniuliza kuhusu mama. Nikamwambia anapumzika. "Jioni nitamupelekea ndagala," alisema, akionyesha dagaa wa mezani kwake. "Anapendaka zile ndogo."

Magari mawili yalifika jua likiwa juu. Mkubwa wao alikuwa mtu mnene, mpole, aliyekuwa akijifuta vumbi kwa leso. Alitembea kati ya meza, akauliza bei ya ndagala, akauliza wanaotoka Kavimvira ni akina nani, na mikono mingi ikapanda. Léopold alitembea nyuma yake akieleza. Sauti yake ilikuwa imara. Kisha tukaimba. Ulikuwa wimbo wetu wenyewe, wa kuomba ofisi, na maji, na chumba cha kuzalia. Mimi ndiye niliyeuanzisha. Mjumbe akapiga makofi, akaomba turudie, tukarudia. Nilicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Niliimba mpaka koo likaniuma, na nikaendelea, kwa sababu nilimwona kaka yangu analia.

Watu walidhani ni furaha. Ndayiragije akampigia kelele, "Mwalimu! Ngoja kwanza batupe hiyo komini, ndiyo ulie!" Soko lote likacheka, na wajumbe wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Magari yalipoondoka nilikuwa nakunja shitingi langu, turubai la kupangia nyanya. Léopold akaja, akachuchumaa mbele yangu, jambo asilolifanya kamwe akiwa amevaa kostimi.

"Claire, mama amekwisha kufa."

"Saa hii?"

"Asubuhi. Mbele ya weye kufika."

Sijui kwa nini kitu cha kwanza nilichouliza ni uji. "Na uji wangu uliupokea wa nini?"

Nilikimbia. Mama alikuwa amelala kitandani, amefunikwa kitenge chake cha kanisani, dirisha limefungwa. Kidevu chake kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa. Léopold alikuwa amemfunga peke yake, kazi ambayo kwetu ni ya wanawake, na fundo lilikuwa baya, la mtu asiyejua. Nilipiga magoti nikafungua kinywa kutoa ile sauti ambayo ni wajibu wangu mimi binti yake. Haikutoka. Ilitoka hewa tu, na kitu kama mkwaruzo. Nilijaribu tena. Sauti yangu yote nilikuwa nimewaimbia wajumbe.

Kwa hiyo hakuna aliyesikia kilio nyumbani kwa Mama Léopold, na kwa kuwa hakuna aliyesikia, hakuna aliyekuja. Ikabidi kaka azunguke mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kama alivyozunguka kutafuta sahihi. Na kwenye kila mlango mtu anapopewa habari ya kifo huuliza jambo moja: amekufa saa ngapi? Léocadie alinisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa kwake.

"Asubuhi," Léopold alimjibu.

"Asubuhi gani?"

"Ya leo, mama."

"Ya leo." Léocadie alikuwa na ndagala mkononi, zimefungwa kwenye jani. "Na sisi tulikuwa tunacheza."

Alikuja, akamwosha mama, akalifungua lile fundo na kulifunga upya. Hakumsemesha Léopold. Wengine pia walikuja, lakini mtu aliyemkaribia kaka yangu alikuwa mchungaji tu. Wanaume walikaa upande mmoja wa moto, yeye upande wa pili, bado na kostimi yake. Hakuna aliyeanzisha nyimbo. Nilimsikia mzee mmoja akisema, "Amemuficha mama yake kama muzigo wa magendo." Léopold alisikia pia.

Tulimzika kesho yake. Kaburini kwetu mkubwa wa familia husimama kueleza jinsi marehemu alivyougua, jinsi alivyokufa, mpaka neno lake la mwisho. Watu hulingoja neno hilo. Léopold alisimama. Alitazama udongo uliochimbwa. Kisha akasema:

"Mama aliniita mbele ya jua kutoka. Akaniambia, 'Mwanangu, bakilia leo, soko litafungwa. Usiharibu siku ya batu. Bangoje jioni.' Akanishika mkono. Halafu akaenda."

Kisha Léocadie akaweka mikono kichwani, akapiga kelele, "Mama Léopold, weye! Weye!" Na kile kilio ambacho hakikutoka jana kikatoka kwa watu wote pamoja. Ndayiragije alikaa chini mavumbini kama mtoto. Yule mzee wa maneno ya magendo alimwendea kaka yangu akamkumbatia. Hata mimi nililia, bila sauti, na nilimwamini. Nilisema moyoni, kumbe mama aliipenda kazi ile na hakutuonyesha.

Siku ya kuondoa matanga, wageni walipokwisha kula na kutawanyika, tulibaki wawili nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa naanua mihogo ya mama, ile ya mwisho aliyoimenya mwenyewe. Nilikuwa nimefikiri siku zote hizo. Nilimwuliza kwa upole, kwa sababu nilitaka aseme ndiyo.

"Yaya, mama aliyasema kweli yale maneno?"

Alichukua kipande cha muhogo akakivunja. Unga ukamwangukia suruali.

"Nilipoamka alikuwa amekwisha kuwa baridi."

"Hakusema kitu?"

"Usiku aliomba maji. Nilikuwa ninaandika maneno ya kusema mbele ya wajumbe. Nikamwambia, ngoja kidogo."

"Ukamupa?"

"Nilipomaliza alikuwa amelala. Nikasema nisimwamshe."

Niliendelea kuanua mihogo. Sikuona nifanye nini kingine. Kisha akasema, "Ukibaambia, nitaondoka hapa. Na hakuna muntu mwingine wa kuibeba ile dosi ya kuomba komini, itakufa." Hakusema kwa kunitisha. Alisema kama mtu anayetaja mvua. Nilimtazama, nikaona jinsi alivyokonda, na kwamba sasa hakuna tena anayempikia. Nikamfungia mihogo kidogo akaondoka nayo.

Sikumwambia mtu. Lakini wakati mimi nanyamaza, wao walikuwa wanasema. Maneno yale ya kaburini yalienda sokoni, yakaenda kanisani. Mchungaji aliyahubiri. Vijana waliyaandika kwa rangi nyekundu juu ya kitambaa cheupe na kukitundika juu ya barabara: USIHARIBU SIKU YA WATU. Waliokuwa hawajaweka sahihi waliweka. Wanawake waliyatia kwenye wimbo, ubeti mpya, mzuri sana. Wanaponikuta njiani wananiambia, "Mama yako alikuwa mama wa sisi wote." Ninawaambia asante. Usiku ninapokunywa maji, ninaweka kikombe chini kwanza, nikiyakumbuka maji aliyoyaomba mama.

Jibu la serikali bado halijatoka. Mwezi uliopita walikuja wajumbe wengine, kutoka Bukavu, kuhakikisha yale waliyoandika wa kwanza. Asubuhi Léocadie alikuja kunichukua nyumbani. Nilimwambia naumwa.

"Claire, mwanangu, weye ndiye binti yake. Nani mwingine atauanzisha?"

Nikaenda. Soko lilikuwa limejaa, Ndayiragije yuko na kiti chake katikati ya njia. Nilianza wimbo. Ofisi, maji, chumba cha kuzalia, yote niliyaimba. Tulipofika kwenye ubeti wa mama nilifunga kinywa, wakauimba wao. Waliuimba vizuri, kwa sauti mbili. Léopold alikuwa amesimama kati ya wajumbe, na hakuwa akiwatazama wao, alikuwa akinitazama mimi.

Mjumbe mmoja, mwanamke, akauliza maneno hayo ni ya nani.

"Ya mama yake huyu," walisema, wakaninyooshea vidole. "Ndiyo neno lake la mwisho."

Yule mwanamke alipita kati ya meza, akaja mpaka kwangu, akaninyooshea mkono. Macho yake yalikuwa na machozi. Niliufuta mkono wangu kwenye kitenge, nikampa.