Mama wa Kwenye Chupa

Mtu aliyelelewa akiambiwa chakula hakitupwi, usimwachie chachu aitunze. Utarudi umkute yeye kabanwa kwenye kona na chachu imetawala nyumba.

Ndivyo ilivyomkuta fundi makochi mmoja, mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa na aproni ya turubai iliyokuwa na uhasama wa muda mrefu na sabuni. Mke wake alikuwa amesafiri kwenda kwa kaka yake, wakahamishe vitu vya marehemu mama yao, maana ile nyumba ya zamani ilikuwa imepata watu wengine wa kuishi ndani yake. Alipokuwa anafunga begi alimpa mumewe kazi moja tu.

"Umlishe Mama kila asubuhi. Mengine yote hata ukiyasahau nitakusamehe."

Mama aliyekuwa akisemwa hapo alikaa juu ya kabati la jikoni, ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Ilikuwa chachu: unga wa ngano na maji yaliyochachuka yakapata uhai wake, yakawa yanafura na kutoa povu kama yana jambo la kusema. Mama mkwe aliitunza tangu binti yake hajaota meno, na hakuna siku aliyonunua hamira kwa ajili ya mkate wake wa kawaida. Ugonjwa ulipomleta kuishi kwa binti yake, nguo zilikuja nyuma ndani ya magunia, lakini chupa alikuja ameipakata. Alipofariki, chupa ikabaki palepale, na hakuna aliyekaa kikao kuamua iitwe nini. Siku moja tu mke alisema, "Mama ana njaa," na mume akaelewa.

Kumlisha si kazi kubwa. Unachota nusu unaitoa, unatia unga mpya na maji, unakoroga, unafunika. Ile nusu inayotolewa ndiyo masalio; usipoitoa, chupa inafurika. Mama mkwe enzi za uhai wake alikuwa anayakusanya masalio ya wiki nzima na kuyapikia mkate wa vitunguu saumu na jibini, mkate ambao majirani walikuwa wanajua siku yake kuliko wanavyojua siku zao za kuzaliwa. Lakini tangu mazishi mke hakuwa amegusa donge la unga. Masalio alikuwa anayamwaga kwenye sinki huku ameangalia pembeni.

Fundi hakuweza. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele ya sinki, kijiko mkononi, akajiuliza swali ambalo mwenye akili zake asingejiuliza: katika hizi nusu mbili, Mama ni ipi? Akaona asije akamwaga asiyemwagwa. Akatafuta kopo tupu la siagi, akayatia masalio humo, akaliweka kwenye friji. Kesho yake hivyohivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa mtu hutafuta kingine: yakajaa makopo ya siagi, likajaa birika la chai, na mwisho ikabidi aingie karakana kuchukua ndoo mpya ya rangi ambayo haijatumika. Akiba haiozi, alijiambia, ingawa ukifungua friji ungeweza kubisha.

Kila asubuhi alianza na salamu. "Shikamoo, Mama," angeiambia chupa, kisha angechota, angekoroga, angefunika, na mikono yenye unga angejipangusa kwenye aproni, palepale ubavuni, kama alivyojipangusa maisha yake yote. Tabia hiyo ndiyo iliyokuwa ugomvi wake na mama mkwe. "Bwana Sponji!" alikuwa anafoka yule mama. "Hiyo ni nguo au jalala?" Jina hilo alimpachika siku ya kwanza kabisa, kijana alipokuja kujitambulisha akiwa na punje za sponji ya makochi kwenye nywele bila habari. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Tangu mazishi hakuna aliyemwita hivyo tena, na fundi alishangaa kwamba mtu anaweza kukumbuka kufokewa akatamani kufokewa tena.

Siku moja kabla ya kurudi, mke alipiga simu. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ilivyokuwa kavu tangu msiba. Kwenye mazishi alipanga viti, akagawa chai, akafariji waliokuja kumfariji. Machozi yalikataa kabisa. Mumewe alikuwa anaogopa ukavu ule kuliko ambavyo angeogopa kilio.

"Kaka amegawa kila kitu," alisema. "Vitanda, vyombo, nguo. Mimi sikuchukua hata kimoja."

"Hata sufuria lake la bluu?"

"La nini? Mama yuko hapo kwenye chupa. Huyo mmoja ananitosha. Kesho mchana nitakuwa nimefika."

Simu ilipokatika fundi akakata shauri: mke wake atapokelewa na harufu ya mkate wa mama yake. Hakuwa amewahi kuupika, lakini alikuwa ameuona ukipikwa mara nyingi, kwa kuwa kazi ya kumenya na kuponda vitunguu saumu ilikuwa yake. Mama mkwe alimweka kwenye kigoda karibu na meza, akimfokea kwa hili na lile, na macho yake yakajifunza kila kitu bila kuambiwa.

Asubuhi ilikuja na mvua ya upepo, na jikoni kukawa na baridi. Akamlisha Mama, na kwa kuwa chachu haipendi kupigwa na upepo, akatafuta mahali pa kumstiri. Oveni ilikuwa imezimwa, kavu, haina hata kipenyo cha upepo. Akamweka humo, akafunga mlango, akajipongeza kwa busara.

Kisha akayatoa masalio yote. Akayamimina kwenye beseni, akaongeza unga, mafuta, chumvi na hamira kidogo, maana masalio ya siku nyingi yanakuwa yamechoka na mama mkwe mwenyewe alikuwa anayasaidia hivyo. Na kukwangua alikwangua. Chombo kikishapita mikononi mwa fundi huyu hakina haja ya kuoshwa, lakini siku hiyo aliviosha pia, ndoo, birika na makopo, ili mke akute nyumba inang'aa. Akakanda mpaka donge likawa laini, akaliacha liumuke chini ya kitambaa. Akaponda vitunguu saumu kama alivyozoea, akavichanganya na siagi. Donge lilipoumuka akalitandaza kwenye trei, akalibonyeza mashimo kwa ncha za vidole, akapaka ile siagi hadi ikajaa kwenye mashimo. Akawasha oveni ianze kupata moto, akarudi mezani kukuna jibini.

Haikuchukua muda harufu nzuri ya mkate ikajaa jikoni. Fundi akatabasamu. Halafu tabasamu likamganda usoni. Mkate ulikuwa mezani mbele yake, mbichi.

Alipoufungua mlango wa oveni, chupa ilikuwa imepasuka, na ndani yake Mama alikuwa ameiva mpaka katikati, mgumu, kahawia, mkavu kama kipande cha mkate wa juzi.

Fundi akakaa kwenye kigoda. "Nimempika mama mkwe," alisema kwa sauti, ili asikie neno hilo litakavyosikika mbele ya mke wake. Halikusikika vizuri.

Wazo baya halikosi mlango. Unga upo, maji yapo, chupa nyingine ipo. Akoroge, afunike, anyamaze, nani atajua? Aliitoa chupa kabatini, akaishika. Lakini akafikiria kesho asubuhi, atakavyosimama mbele ya uji ule wa unga na kuuambia "Shikamoo, Mama," akaona aibu hata kabla ya kutenda. Akairudisha chupa. Kisha, kwa kuwa chakula hakitupwi hata siku ya msiba, akavitoa vipande vya chupa na kile kibonge akaviweka mezani, akapangusa oveni, akanyunyiza jibini, akatia mkate.

Mke aliingia na begi lilelile aliloondoka nalo, mabega yamelowa. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Nani amepika?"

"Mimi."

"Ni harufu ya nyumbani kwetu," alisema taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sauti yake ikalegea kidogo. Fundi alitamani wabaki hapo mlangoni siku nzima. Lakini akamweleza, hata viatu mke hajavua: baridi, oveni, chupa. Hakupunguza neno.

Mke hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, akavitazama vile vipande vya kioo na kile kibonge cha kahawia, akakaa. Uso wake ukajifunga tena.

"Na masalio?" aliuliza. "Unayamwaga?"

"Sijawahi kumwaga hata kijiko. Niliyaweka yote."

Akainua kichwa haraka. "Yako wapi?"

"Ndio huo mkate."

"Yote?"

"Yote. Nilikwangua."

"Vyombo je?"

"Nimeviosha. Nilitaka ukute pasafi."

Mke akafumba macho. "Mume wangu, hakuna nusu iliyo Mama na nusu isiyo Mama. Uliyoyaweka kwenye friji ndiye yeye mwenyewe. Ungeniachia kijiko kimoja tu."

Fundi akaelewa, na kuelewa kulimuuma kuliko kukosea. Wakati anakaa kwenye kigoda akimwomboleza Mama, Mama alikuwa mzima mezani, kwenye trei. Na ni yeye aliyemwingiza motoni mara ya pili kwa mkono wake, akamnyunyizia na jibini.

Mvua ilikuwa inapungua. Mwishowe mke akanyoosha mkono akamega mkate, kwa sababu ulikuwa mbele yake na alikuwa hajala tangu asubuhi. Jibini likavutika, siagi ikamchuruzika kidoleni. Akatafuna polepole.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Nimefuata mkono wake."

"Naye alikuwa anazidisha." Akamega tena, kipande kikubwa zaidi, akampa na mumewe. Walikula bila kutazamana. Fundi akamaliza kipande chake, na mikono yenye mafuta ikaanza kushuka yenyewe kuelekea ubavuni.

"Usijipanguse!"

Fundi akabaki mikono juu, kama mtu aliyevamiwa. Mke alikuwa tayari amesimama. Akamsogelea, akaushika ubavu wa ile aproni. Turubai ilikuwa ngumu kama ubao, ina ukoko mweupe uliopandana tabaka juu ya tabaka.

"Hii ni nini?"

"Uchafu."

"Najua ni uchafu! Uchafu gani?"

Fundi akainama, akaikagua nguo yake kama anavyokagua kochi la mteja. "Hii inayong'aa ni gundi. Hili ni vumbi la sponji. Hii nyeupe..." Akaigusa kwa kidole. "Hii nyeupe ni ya asubuhi. Nikishamlisha Mama huwa najipangusa hapa."

"Vua."

Akavua. Mke akaitandika mezani, akachukua kisu butu, akaanza kukwangua, na mumewe akawa anamwelekeza, hapa sawa, hapo gundi, hapo sawa. Nguo iliyotukanwa miaka yote ilikuwa imelazwa katikati ya meza, na watu wazima wawili wameiinamia. Walipata magamba ya kujaza kijiko. Mke akayatia kwenye bakuli, akaongeza maji ya uvuguvugu na unga kidogo.

"Mama alikuwa anasema ikikauka haifi, inalala tu," alisema. "Sijui kama ni kweli au alikuwa ananifariji."

Kesho yake bakuli lilikuwa limetulia tuli, na uzi mmoja wa bluu unaelea juu. Mke akautoa uzi kwa ncha ya kidole, akaongeza unga, akafunika. Kesho iliyofuata hali ilikuwa ileile. Fundi alipita jikoni bila kusalimia. Hakuwa na uso wa kumwamkia mtu aliyempika. Mke naye alirudi kwenye kimya chake, ila alikuwa anafunua kitambaa kila baada ya muda mfupi, kama mzazi mwenye mtoto mwenye homa.

Halafu ikaja asubuhi ambayo fundi aliingia jikoni akamkuta mkewe amesimama mbele ya bakuli, hapepesi macho. Akasogea. Uso wa ule unga ulikuwa umenyanyuka kidogo, na katikati pamevimba povu dogo. Likapasuka. Pembeni yake likaja jingine, kisha mengine mawili.

Fundi akavua kofia. "Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba, Bwana Sponji."

Ni mke aliyejibu. Neno lilimtoka kabla hajalipanga, na sauti iliyolitoa ilikuwa ya mama yake kabisa, na ule ukali wake wa mzaha. Wote wawili waliisikia. Mke akajiziba mdomo kwa kiganja, akamtazama mumewe, na machozi yaliyokataa msibani yakaja yote kwa pamoja. Fundi akamkumbatia. Alimwacha alie, hakumwambia anyamaze, na yeye mwenyewe hakuwa mkavu.

Alipotulia alitafuta cha kujifutia, na kilichokuwa karibu ni aproni. Akaushika upindo wake, akajifuta macho, akapenga na pua. Kisha akaitazama ile turubai, gundi, vumbi na ukoko wake uliobaki, akailaza vizuri kifuani mwa mumewe na kuinyoosha kwa kiganja.

"Hii," alisema, "nisikuone unaifua."